Mapigo Chini ya Mbaazi

"Mbaazi inabaki, shemeji," alisema Elinami, akang'oa mche wa mgunga niliotoka kuuchomeka na kuutupa njiani. "Tangu tuanze tumelea misandali kwa mbaazi. Watu wanakuja alasiri hii kuchukua miche yao, ndiyo kwanza wewe unabadilisha walezi?"

Niliuokota, nikaupangusa, nikaurudisha kwenye kiriba chake cha nailoni na kuukandamiza kwa vidole gumba. Nikamwambia akiugusa tena nitammwagia maji ya samadi yaliyokuwa kwenye ndoo. Ananijua. Akarudi nyuma hatua moja, lakini mdomo haukurudi.

"Kama mgunga unaponya, mpe Nietiwe mafuta ya msandali uliolelewa nao."

Nilishajaribu. Msimu wa majaribio tulilea msandali mmoja kwa mgunga, mwingine kwa mvinje, mwingine kwa kaliandra na mmoja kwa mbaazi. Mafuta ya yote yalinukia vizuri. Ya ule wa mbaazi peke yake ndiyo yaliyosafisha kifua cha binti yangu. Mingine tuliikata kuni. Ule wa mbaazi uko nyuma ya nyumba yangu hadi leo, nauchanja na kuugema kila wiki, na Nietiwe anapumua.

Elinami ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu aliuawa na kikohozi cha ukungu, ugonjwa uliokuja na vumbi la tambarare tangu mvua zilipotukimbia. Alikufa akiwa amekaa kitini, kwa sababu akilala alikuwa anazama. Elinami ndiye aliyemshika mgongo. Kwa hiyo anapoipigania mbaazi simchukii. Ninaogopa tu kwamba ana haki na mimi pia nina haki, na mche ni mmoja.

Mlangoni pa kitalu Bi Nakundwa alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkononi ana mbaazi iliyokauka, imeng'olewa na mizizi yake. Alikuwa ametusikiliza kwa muda.

"Mkimaliza kugombana kama wake wenza," alisema, "njooni mnichimbie shamba. Sikuja kwa ajili ya ndoa yenu."

Ile mbaazi yake ndiyo iliyoanzisha yote. Alipoileta asubuhi nilidhani ni mnyauko wa kawaida. Nikaichana shina, ndani peupe, hakuna rangi ya kahawia ambayo mnyauko huacha. Ndipo nikatazama mizizi. Kwenye mzizi mkuu kulikuwa na vifundo vya mviringo, vimejaa, vimebana kama kupe kwenye kiwele cha ng'ombe. Vile ni vinyonyo. Ni msandali pekee unaoacha vinyonyo vya namna ile. Na shamba la Bi Nakundwa liko ng'ambo ya mfereji, mbali na kitalu, mbali na nyumba yangu.

Elinami alisema ni msandali wa porini. Nilimwuliza ni lini mara ya mwisho ameona msandali wa porini katika bonde hili, wakati magendo yalishamaliza hata visiki. Akasema tukachimbe tuone.

*

Tulichimba mtaro kukatiza shamba, mimi na jembe, yeye na sururu. Mbaazi za Bi Nakundwa zilikuwa zimekauka kwa mstari. Mnyauko hukausha kwa madoa, hapa na pale. Mstari huu ulitoka upande wa mfereji ukanyooka, na majani ya pembeni yake bado yalikuwa mabichi, yakining'inia kidogo kama masikio ya mbuzi aliyechoka.

Mtu asiyefanya kazi yetu hudhani mti ni mti. Msandali hauwezi kuishi peke yake. Mbegu ikiota huishi kwa akiba yake kwa miezi michache, kisha mizizi yake huanza kupapasa udongoni ikitafuta mizizi ya jirani. Ikiupata huubana, huutoboa, hunywa. Ndiyo maana kila mche kitaluni hupandwa na mwenzake ndani ya kiriba kimoja, na huyo mwenzake tunamwita mlezi. Mlezi mzuri asiwe mrefu akaufunika mche, astahimili kupogolewa, na awe jamii ya kunde ili arutubishe udongo. Mbaazi ina sifa zote hizo, na juu ya hayo mtu anaila. Niliichagua mimi, kwa akili ya mama: kwa nini ulee mti kwa kichaka kisicholiwa?

Msandali wa zamani ulikuwa ombaomba mwenye adabu. Ulinyonya kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, na ulikuwa unachukua miaka thelathini kuweka kiini chenye mafuta. Huu wetu, ulioletwa mbegu kutoka maabara, unaweka kiini kwa miaka miwili. Waliuondolea adabu ili wauongeze kasi. Hilo halikuandikwa kwenye mfuko wa mbegu.

Mtaro ulipofika kiunoni tuliziona. Nyuzi nyeupe, nene kama kamba ya kiatu, zikitoka upande wa mfereji. Zilipita katikati ya mizizi ya muhogo bila kuigusa. Zilipita juu ya mzizi wa mgunga, mgunga mkubwa, mlezi ambaye msandali wowote ungemkumbatia, zikauruka. Kisha zikaingia kwenye mzizi wa mbaazi wa kwanza, zikatokea upande wa pili, zikaenda kwa wa pili, na wa tatu, kama mgeni anayepelekwa nyumba kwa nyumba.

"Mti unaijua mbaazi," nilisema. "Umelelewa nayo, na sasa haitaki kingine."

Elinami alikata uzi mmoja kwa ncha ya sururu. Ulitoa maji meupe na harufu ikapanda mtaroni. Harufu ya chumba cha mwanangu kila jioni.

Tuna kifaa kitaluni tunachokiita sikio la udongo. Ni fimbo ya chuma yenye kihisi kwenye ncha, unaichomeka ardhini, na kishikwambi kinakupa sauti ya maji yanavyopanda ndani ya mizizi. Kila mmea hugonga kwa mwendo wake. Muhogo hugonga polepole, mahindi kwa pupa, mbaazi kama mtu anayebisha hodi akiwa hana haraka. Tunakitumia kujua kama mlezi ameanza kuchoka kiribani. Nilikwenda kukichukua, nikakichomeka kando ya mbaazi iliyokufa.

Iligonga.

Bi Nakundwa akaniuliza kitu kilichokauka kinagongaje. Nikamweleza kwamba juu kimekufa, chini hakijaruhusiwa kufa. Mzizi unanyonya maji bado, lakini haunyonyi kwa ajili yake.

Nikahamisha fimbo kwenye mbaazi ya kijani. Iligonga vilevile. Nyingine, vilevile. Siyo mwendo uleule tu. Zilikuwa zinagonga kwa pamoja, shamba zima kwa pigo moja, zito, la kuchelewachelewa, na huo si mwendo wa mbaazi. Niliujua. Ninausikiliza kila wiki ninapougema mti ulio nyuma ya nyumba yangu.

Tulitembea na ile fimbo. Ng'ambo ya njia, kwenye shamba la shule, pigo lilelile. Chini ya ukuta wa ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya usiku, ambako wazee walijenga kwa mawe ili hata panya asipenye, pigo lilelile. Kila tulipochomeka nilikuwa naomba kimoyomoyo nisikie hodi ile ya mbaazi isiyo na haraka. Tuliisikia mara ya kwanza tulipofika karibu na kanisa, na hata pale kulikuwa na pigo la pili nyuma yake, hafifu, linakuja.

Mti mmoja. Mti mmoja ulikuwa umefanya yote hayo, na kitaluni kulikuwa na miche mia mbili inayosubiri wenyewe.

*

Tangu mahindi yakome kuzaa bonde hili linakula mbaazi. Asubuhi mbaazi, jioni mbaazi, na kuni za kuzipikia ni mashina yake. Nilimwuliza Elinami vuli hii tutakula nini kama kila nyumba yenye mgonjwa itapanda msandali uani. Alisema watu waambiwe waupande mbali na mashamba. Nikamwuliza mbali ni wapi, maana tumetembea bonde zima. Alisema tupande kwenye simtanki. Tulishajaribu, na yeye ndiye aliyeukata: msandali wa tangini hubaki mwembamba, hauweki kiini, na kabla haujakatwa ulipasua tangi.

"Basi tuweke miche ya mgunga leo, mbaazi tuing'oe kiribani," alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anashika wazo langu la asubuhi.

Tulirudi kitaluni kutazama. Kati ya viriba nilivyong'oa mbaazi na kuchomeka mgunga asubuhi, niliinua kimoja. Kwa saa chache tu mzizi wa msandali ulikuwa umetoka kwenye tundu la chini, umetambaa juu ya nailoni, umeingia kwenye kiriba cha jirani kilichobaki na mbaazi. Ulikuwa umenyooka kama kidole. Elinami alikipokea, akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kisha akasema kile nilichokuwa naogopa kusikia, kwa sababu nilikuwa nimeshakifikiria mwenyewe.

"Tuteketeze miche. Sawa. Lakini ule wa kwako uache, shemeji. Ni mmoja. Chimba handaki kuuzunguka, mwaga chumvi, sisi wawili tutaulinda. Nani atajua?"

"Umeusikia ulikofika."

"Nimesikia. Na nilimsikia kaka yangu pia, mwisho wake. Unataka kumsikia Nietiwe?"

Nilimwambia anyamaze. Si kwa hasira. Nilitaka kufikiri, na kila nilipoanza kufikiri niliona kiti cha mume wangu.

*

Nietiwe alikuwa kitandani amekunja miguu, anasubiri mvuke wa mchana. Nilimdondoshea mafuta kwenye chombo, nikamfunika kitenge kichwani, nikasikiliza. Kifua kilikwaruza, kikakwaruza, kikalegea. Kila siku nikisikia kinalegea humshukuru Mungu. Siku hiyo nilisikia pia kitu kingine, au nilidhani nasikia, chini ya sakafu.

Chini ya kitenge aliniuliza nina nini, mbona sijamgombeza kwa kuacha sahani bila kuiosha.

Sijui kuzunguka. Nilimwambia mti unakula mbaazi za watu, na kama hatuukati, bonde halitakula. Nikamwambia ukikatwa, chupa iliyopo ikiisha basi, na kesho tutakwenda hospitali ya wilaya kuanza sindano.

Alitoa kichwa nje ya kitenge, uso umelowa.

"Zile za akina Kadiva?"

Kadiva ni rafiki yake. Alipigwa zile sindano. Kifua chake kimepona, anacheza mpira, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Ndivyo zilivyo sindano za zamani: zinaua ukungu kwa watoto wengi, na kwa wengi wao zinaondoka na masikio.

"Zile," nilisema.

"Zinauma?"

"Zinauma."

"Na masikio?"

"Wengine wanabaki nayo. Sijui wewe utakuwa yupi. Ningejua ningekwambia."

Ana miaka tisa, na ana tabia ya baba yake ya kutafuna mdomo wa chini.

"Mti wote? Hata kipande hamwachi?"

"Hata kipande."

"Basi leo usinyamaze," alisema. "Wewe ukifanya kazi unanyamaza. Leo usinyamaze."

Nikajifanya nahitaji kumwaga maji ya chombo, nikatoka.

*

Kwetu kazi ya wote inaitwa msaragambo. Baragumu likilia, mwenye jembe anachukua jembe, mwenye panga anachukua panga, na hakuna anayeuliza kazi ni gani mpaka afike. Ndivyo ndiva ilivyojengwa na ndivyo mifereji inavyozibuliwa. Sharti ni moja: aliyeita ndiye anayepiga jembe la kwanza, tena kwenye ardhi yake. Wazee waliliweka ili mtu asiite wenzake kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe anaikwepa.

Baragumu lilikuwa kwa mume wangu. Bado linaning'inia sebuleni kwangu, na mpulizaji siku hizi ni Elinami.

Bi Nakundwa alikuwa amekuja, ameketi kizingitini pa jiko. Nilimweleza yote, na ule mpango wa handaki nao nikamweleza, ili nisije nikaurudia. Alisikiliza. Ana mjukuu anayekohoa, jina lake lilikuwa miongoni mwa wanaochukua mche leo.

Nilimwuliza atasema nini kwa mama wa yule mtoto.

"Nitamwambia kuna sindano na kuna njaa," alisema. "Sindano ina wanaopona."

Nilimwomba Elinami apulize, watu waje tuchimbe mizizi yote na kuteketeza miche. Akakataa. Alisema hawezi kuwaita watu waje waue dawa ambayo kaka yake aliikosa. Alikaa kwenye jiwe la kunolea, kichwa kati ya magoti. Watu wangeanza kufika wakati wowote, na kila mmoja angetoka na kiriba kifuani kama mtoto mchanga. Mche ukishatoka nje ya geti, ungeufuata wapi?

Nikaingia ndani, nikaliteremsha baragumu. Mwanamke hapulizi, kwetu. Nilifuta vumbi mdomoni mwake, nikapuliza. Ilitoka sauti ya ndama aliyekanyagwa. Nikavuta pumzi, nikapuliza tena, ikawa mbaya zaidi. Bi Nakundwa akageuza uso asicheke. Pembe ilinigonga meno.

Mara ya tatu Elinami alininyang'anya.

"Unamwaibisha kaka," alisema. "Lete."

Akasimama juu ya jiwe, akapuliza. Sauti ilishuka bondeni, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Akapuliza tena na tena bila kupumzika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye pembe, na mimi nilikuwa nimeshachukua shoka.

Nietiwe alikuwa ameburuta kigoda chake mpaka mlango wa nyuma, kitenge mabegani. Nilimwambia akae mbali kidogo na vipande vya mti. Alisogea kidogo sana.

Mti ulikuwa umesimama kama kila siku, majani yake mepesi, mzuri. Makovu ya kugema yalipanda shinani kama ngazi. Kando yake mibaazi yangu ya uani ilikuwa kijani, na sikuhitaji fimbo wala kishikwambi. Nilihisi pigo kwenye nyayo, au ulikuwa moyo wangu. Kule chini, njiani, majembe yalianza kuonekana mabegani mwa watu.

Nilipiga. Shoka liliingia kwenye kovu la chini, gome likaruka, na harufu ikatoka nyingi kuliko ambavyo nimewahi kuigema kwa mwaka mzima. Nietiwe alivuta pumzi ndefu, kifua wazi, akaishikilia.

"Mama," alisema, "umenyamaza."

Nikainua shoka. "Baba yako," nilianza, "siku aliyokuja kwetu kuniposa, alivaa viatu vya mtu mwingine," nikapiga, "na kimoja kilikuwa kikubwa," nikapiga, "basi akawa anatembea hivi."

Nikamwonyesha. Akacheka, akakohoa, akacheka. Nikaendelea kusimulia kwa sauti kubwa, neno na pigo, neno na pigo, huku wa kwanza kufika wakiingia uani na majembe yao bila kuuliza, na mti ukaanza kulalia upande wa mfereji.